Kima Hayumo Katika Fomu

Mwaka jana nilichukua likizo ya utafiti nikapanda milima ya Usambara Magharibi, nikiwa na sanduku la vitabu na muswada ulionishinda kuumaliza mjini. Nilipanga chumba katika nyumba ya mjane mmoja, mbali kidogo juu ya mji wa Lushoto, mahali ambapo njia ya gari inakoma, na kati ya ua wa nyumba na msitu wa hifadhi pamebaki mashamba matatu tu. Nilidhani nimefuata ukimya. Asubuhi ya kwanza niliamshwa na kishindo juu ya bati, kana kwamba watu wanashusha mzigo. Nilipotoka nje na mswaki mdomoni nilimkuta kima ameketi ukingoni mwa paa, ameshika mkate niliouacha dirishani, ananitazama kwa utulivu wa mwenyeji anayempokea mgeni.

Sina budi kukiri kwamba majuma mawili ya kwanza niliishi kama mtalii. Niliwapiga picha mbega juu ya miti, na manyoya yao marefu meupe yakining'inia mabegani, nikawatumia wenzangu wa idarani. Nilijifunza kuutambua uvumi wa mbawa za hondohondo kabla ya kumwona mwenyewe. Katika ua wa miti nilikutana na kinyonga mwenye pembe mbili puani, nikasimama naye karibu nusu saa, huku watoto waliokuwa wakirudi kutoka kuteka maji wakizunguka mbali kutukwepa sote wawili, kwa kuwa kinyonga haaminiwi hata kidogo katika nchi ile. (Wanasayansi wanaowapanga viumbe katika jamaa zao walilipa kundi la vinyonga hao, mwaka 2006, jina la Kinyongia. Ni mojawapo ya mara chache ambapo Kiswahili kimekwenda kuketi pale tulipozoea kukikuta Kilatini, na wanafunzi wetu wengi hawana habari.) Jioni niliandika kurasa ndefu kuhusu wingi wa uhai katika milima hii ya Tao la Mashariki, ambayo mimea na wanyama wake kadhaa hubeba jina la Usambara katika vitabu vya dunia nzima. Kurasa hizo zote nimekwisha kuzitupa.

Nilizitupa kwa sababu ya dungu.

Dungu ni jukwaa la miti lililoinuliwa shambani, lenye paa la nyasi au kipande cha turubai, ambalo juu yake hukaa mtu anayelilinda shamba lisiliwe. Kazi yenyewe ina kitenzi chake katika Kiswahili: kuamia. Nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili maana ya neno hilo, na katika darasa zima walionyosha mkono walikuwa wawili. Neno linatoweka katika vinywa vya wasomi, lakini kazi haijatoweka. Katika mashamba yaliyo kando ya msitu huo huanza pale mahindi yanapobeba na huendelea hadi gunzi la mwisho linapoingia ndani. Mchana ni zamu ya kima na tumbili. Usiku ni zamu ya nguruwe mwitu, ambaye hana haja ya kuchagua, kwa maana hulaza mstari mzima wa mahindi apate masuke machache, kisha hufukua viazi vya jirani kabla ya kurudi msituni.

Bibi mwenye nyumba yangu alikuwa na shamba lisilofika ekari moja, na dungu lake lilionekana kutoka dirishani mwangu. Mchana alikaa yeye. Alfajiri na jioni alikaa mjukuu wake, mvulana wa darasa la sita. Usiku mvulana huyo alilala huko pamoja na mjomba wake, wakiwa na debe bovu, tochi na mbwa mmoja aliyezeeka. Siku moja Bibi alikuwa na msiba upande wa pili wa bonde, nikajitolea kumshikia zamu. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Haya, Mwalimu, lakini usisome."

Nilisoma. Si kwa muda mrefu; labda ukurasa mmoja na nusu. Nilipoinua macho, kima watano walikuwa wamekwisha kuingia kwa upande wa bondeni, na mmoja wao ambaye hakuwa na kazi nyingine alikuwa ameketi juu ya mti akinitazama mimi. Nilipiga debe. Walisogea hatua chache. Nilishuka, nikakimbia huku nikipiga kelele, nao wakarudi kwenye ukingo wa msitu, wakaketi, wakangoja nichoke. Nilichoka. Bibi aliniambia baadaye kwamba wanamjua kila mtu: wanamkimbia mjomba kwa sababu ya manati yake, wanamheshimu mbwa kwa mazoea tu, na mwanamke au mtoto humpa nafasi ya kupiga kelele mpaka amalize. Kwa siku moja ya kuamia niliumwa mgongo, sauti ilinikauka, na sikuandika hata sentensi moja ya muswada wangu. Na bado masuke kumi na tisa yalikuwa yamekwenda. Bibi aliyahesabu kwa magunzi yaliyobaki chini, bila ya kunilaumu.

Nilianza basi kujiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza siku ya kwanza: kazi hii yote imeandikwa wapi?

Shuleni kuna rejista. Nilipomweleza mwalimu mmoja wa pale kuhusu mvulana wangu, alitabasamu akasema kwamba hana haja ya kalenda. Akitazama tu safu za nyuma anajua mahindi yamefikia wapi. Katika rejista watoto hao wameandikwa kuwa watoro. Tumefuta ada katika shule za umma tangu mwaka 2016, na ni jambo la kujivunia, lakini katika vijiji vya pembezoni mwa msitu kuna ada nyingine ambayo hakuna waraka wa wizara uliowahi kuigusa, nayo hulipwa kwa usingizi. Mtoto aliyekesha na nguruwe hufika darasani saa mbili akiwa amelala macho wazi. Mzazi wake anaweza kuitwa mbele ya baraza la kata kujieleza kwa nini mtoto ni mtoro. Aliyemtoa mtoto darasani, yaani mnyama wa hifadhi, haitwi na mtu, wala msimamizi wake haitwi.

Nami nikaenda kumtafuta msimamizi huyo. Sitaitaja ofisi niliyoiingia, kwa kuwa afisa niliyemkuta alikuwa muungwana na kosa si lake. Nilimweleza habari za shamba la Bibi. Akavuta fomu mezani, akachukua kalamu, akauliza, "Tembo?"

"Hapana," nikasema. "Kima. Na nguruwe."

Akairudisha kalamu mezani, taratibu. "Kima hayumo katika fomu, Mwalimu."

Alikuwa sahihi. Kanuni za mwaka 2011 zilizowekwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori zilileta kifuta jasho kwa anayeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa anayejeruhiwa, au kwa jamaa za anayeuawa. Zilipotungwa ziliweka shilingi milioni moja kwa uhai wa mtu, na kwa mazao shilingi kati ya 25,000 na 100,000 kwa ekari, kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kwa ekari zisizozidi 5. Mtu anaweza kubishana na viwango hivyo usiku kucha, na wabunge wamebishana navyo. Ila hata kubishana kwenyewe ni haki ya aliyetajwa. Kanuni zilitungwa kwa ajili ya wanyama hatari, tembo na nyati na kiboko na wenzao, ambao hula shamba zima kwa usiku mmoja na kupigwa picha na waandishi wa habari. Mnyama anayekula shamba lile lile kidogo kidogo kwa siku sitini hana mahali pa kuandikwa. Na shamba lililo karibu mno na hifadhi halilipwi kitu hata kama aliyelila ni tembo: kwa hesabu za kanuni hizo, anayeishi ndani ya mita 500 amejitakia.

Sasa tuisome sheria mama. Sheria Na. 5 ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Ni kanuni nzuri. Nimeitetea darasani na nitaendelea kuitetea dhidi ya wale wanaotaka kila kiumbe kiwe na bei na mwenyewe. Lakini mali ya umma ina gharama za kuitunza, na gharama za umma hugawanywa kwa umma. Mimi ninayekaa mjini, ninayepiga picha ya mbega na kuituma, nachangia nini? Bibi anachangia mahindi, siku zake, na darasa la sita la mjukuu wake. Akitega mtego wa waya kando ya shamba amevunja sheria, na sijasikia mahali askari aliyekuja kuung'oa mtego huo alipoketi dunguni usiku ule badala yake.

Tena dola letu si kwamba halijui kuwahesabu kima na tumbili. Mwezi Machi 2016 tumbili 61 walikamatwa katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakisubiri kusafirishwa kwenda Albania. Nchi nzima iliijua idadi yao, mmoja mmoja. Maafisa walisimamishwa kazi, na miezi miwili baadaye serikali ikazuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Nilifurahi wakati ule na sijutii furaha hiyo. Nasema tu kwamba tumbili alipokuwa katika kreti la mfanyabiashara alikuwa nyara ya taifa, akapata namba. Akiwa juu ya mahindi ya mjane, tunaambiwa ni maumbile.

Afisa wangu muungwana alinieleza jambo la pili, ambalo watumishi wa umma wanaosoma hapa watalielewa haraka kuliko mimi. Kima hulala katika msitu ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mnyamapori, yuko chini ya sheria ya wanyamapori, yenye wizara hiyo hiyo lakini watu wengine, magari mengine na bajeti nyingine. Anachokula ni zao, na zao ni habari ya afisa ugani wa halmashauri. Mtoto anayemfukuza ni mwanafunzi, na huyo yuko chini ya idara ya elimu. Kwa mwendo wa dakika tatu, kutoka tawini hadi kwenye suke, mnyama mmoja amevuka mipaka ya ofisi nne, na hakuna hata moja ambayo imepokea barua.

Ajabu ni kwamba katika milima hiyo hiyo utawala wenyewe ulianza na nguruwe mwitu. Wasomaji wa *Habari za Wakilindi*, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili ambacho hadi leo ni raha kukisoma, wanamkumbuka Mbega: kijana wa Ungulu aliyeota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kuwa kigego, akakimbia kwao na mbwa wake. Alipita mwituni akiwinda nguruwe. Watu waliokuwa wakisumbuliwa na nguruwe mashambani walimkaribisha, akawagawia nyama, wakampa vyakula vya shamba, na mwisho wa habari wakampa nchi yenyewe pale Vuga. Simulizi lina mengi ndani yake, naye mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, alilichambua kwa kirefu. Mimi nalisoma kama mwalimu wa siasa. Wazee waliolisimulia walikuwa na nadharia ya dola: mtu hupewa mamlaka kwa sababu amelifikia shamba kabla ya nguruwe. Washambaa wana maneno ya kuwapimia watawala, *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na *kubana shi*, kuiharibu. Mfalme aliyeshindwa kuiponya hakuwa na fomu ya kujifichia.

(Kwamba jina la mwindaji huyo linafanana na la kima mwenye manyoya meupe niliyempiga picha, naliacha kwa wataalamu wa lugha.)

Watawala waliokuja baadaye walikuwa na kipimo kingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo wa Usambara, ikawalazimisha watu kuchimba matuta katika miteremko. Udongo kweli ulikuwa ukimomonyoka. Ila wapangaji walipima miteremko wakasahau kupima mikono, hasa ya wanawake, ambao ndio waliokuwa na jembe. Watu wakaupinga, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Naukumbuka kila ninaposoma taarifa za uhifadhi za siku hizi, zenye hekta za msitu, idadi ya spishi, na mita za ujazo za maji yanayoshuka mabondeni. Saa za kuamia hazimo.

Najua nitakayojibiwa, na baadhi ya majibu yana uzito. Kwanza, kwamba serikali haiwezi kulipa kila suke lililoliwa na kila kima nchini. Nakubali. Ukitangaza malipo kwa suke, kesho utakuwa na masuke mengi yaliyoliwa kuliko yaliyopandwa, na tena utahitaji jeshi la wakaguzi litakalokula zaidi ya kima. Pili, kwamba ni watu waliousogelea msitu, msitu haukuwasogelea. Hili ni kweli nusu. Wapo waliofyeka, na nimeona visiki vyao. Lakini babu yake Bibi alilima palepale, na kinachopungua kila kizazi ni ardhi ya kugawana, kwa hiyo mtoto wa mwisho hupewa kipande cha juu kabisa, penye kima. Anayelaumiwa kwa kuusogelea msitu mara nyingi ni yule aliyesukumwa na ndugu zake. Tatu, kwamba msitu huo huo ndio unaowapa wanavijiji maji. Unawapa, nao wanajua. Sikukutana na mtu hata mmoja aliyetaka msitu ukatwe. Bibi mwenyewe alinikemea nilipofanya mzaha juu ya hilo. "Ukiukata," alisema, "kima watahamia ndani ya nyumba."

Kwa hiyo siombi malipo ya suke. Naomba, kwanza kabisa, kima aingie katika fomu: kwamba afisa ugani, anapokusanya taarifa za mavuno ya kijiji, awe na safu ya kuandika kilicholiwa na nani alikilinda kwa siku ngapi. Jambo lisiloandikwa halina bajeti, na watumishi wa halmashauri wanajua kwamba sisemi fumbo. Pili, pale ambapo misitu inaingiza fedha za wageni na za vibali, sehemu ya fedha hizo ilipe walinzi wa mashamba wa kijiji katika miezi ile miwili au mitatu, watu wazima wenye mbwa na malipo ya siku, ili mtoto ashuke dunguni. Hii ni ajira ya vijana ambayo haihitaji kongamano. Tatu, shule za pembezoni mwa hifadhi ziruhusiwe kupanga ratiba na mitihani yao ya ndani kwa kuutazama msimu, na mwalimu awe na alama nyingine katika rejista isiyokuwa ile ya utoro. Mambo mengine, kama kupanda ukingoni mazao ambayo kima hayapendi, wakulima wanayafahamu kuliko mimi. Kikwazo chao ni kwamba mwenye ekari isiyotimia hana ukingo wa kuutoa sadaka.

Wanaharakati nao nina neno nao. Tumekuwa hodari wa kuandamana kwa ajili ya wanaohamishwa kupisha hifadhi, na ni haki. Lakini wapo wengi zaidi ambao hawajahamishwa na hawatahamishwa, wanaoishi tu kando ya mpaka, na mnyama anawala kidogo kidogo. Kisa chao hakina tarehe ya kuandamana.

Kabla ya kuondoka nilinunua daftari la kurasa mia moja dukani, nikampa mjukuu. Tulichora mistari pamoja: tarehe, aliyekaa dunguni, saa aliyopanda, saa aliyoshuka, mnyama gani, masuke mangapi. Aliuliza kama aandike pia siku ambazo hawakuja. Nikamwambia hizo hasa. Mwishoni mwa msimu tulimpelekea mtendaji wa kijiji. Aliligeuza kurasa zote bila haraka, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho, akauliza, "Sasa hili tulipeleke wapi?" Tulitoa nakala nne, moja kwa kila ofisi niliyoitaja hapo juu, na mvulana akaandika anwani kwa mkono wake, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Hadi leo ninapoandika sijaona jibu. Juzi Bibi alinipigia simu kunijulia hali. Mahindi yamebeba vizuri mwaka huu, alisema, na daftari la kwanza limejaa. Kijana anaomba la pili.